Masikio ya Mama wa Mateso

Baba yangu alichonga Wamasai wa kuwauzia watalii tangu kabla sijazaliwa, na mimi nimewauza Wamasai hao tangu nimalize shule. Duka liko Karatu mjini, kando ya barabara kuu, mahali ambapo magari husimama ili wageni wanyooshe miguu na kwenda chooni kabla ya kupanda mlima kwenda Ngorongoro. Choo ni bure, lakini ili ukifikie lazima upite katikati ya vinyago. Hiyo ndiyo siri yote ya biashara yetu, na sioni aibu kuitaja.

Kwa hiyo sitaki mtu anifundishe habari za shanga. Najua kinyago kipi kinatoka na kipi kinakaa kwenye rafu mpaka buibui wanahamia. Morani mwenye mkuki anatoka. Mama wa Kimasai mwenye shanga mpaka mabegani anatoka kuliko morani. Mama huyohuyo bila shanga haendi popote. Mgeni anamwinua, anamgeuza, anamrudisha, anauliza kama hakuna mwingine aliyepambwa zaidi. Baba alilijua hilo miaka mingi kabla yangu, na nadhani mikono yake ililijua kuliko kichwa. Akishafika kwenye shingo ya mwanamke, shanga zilikuja zenyewe. Alizipiga moja moja kwa msumari aliouchonga ncha, tok, tok, tok, huku anazungumza na watu habari za mvua.

Kanisa letu jipya lilikawia kujengwa kama yanavyokawia makanisa ya wakulima. Mwaka wa mavuno kuta zinapanda, mwaka wa ukame nyasi zinaota ndani. Lilipoezekwa hatimaye, paroko wetu, kijana mwembamba wa upande wa Mbulu anayeendesha pikipiki vibaya, alisema hataki sanamu za plasta zenye mashavu mekundu. Alitaka za mti, na alitaka fundi wa hapa. Siku alipokuja dukani nilimwonyesha choo, kwa sababu hicho ndicho wanachokuja kutafuta wengi. Kumbe alikuwa anamtafuta baba.

Baba ni Mchaga wa Rombo, alikuja Karatu akiwa kijana kufuata watalii, akamwoa mama yangu, Mwiraqw, ambaye sasa ni marehemu. Hakuwa amewahi kuchonga kitu cha kanisani. Alianza na Njia ya Msalaba na akaifanya kwa namna yake. Askari wa Kirumi anayepiga misumari ana uso wa mwuza nyama mmoja wa sokoni, na mwenyewe alipojitambua alifurahi, hilo mpaka leo linanishangaza. Veronika, yule aliyempangusa Yesu uso, ameshika khanga, na khanga hiyo haina maandishi, kwa sababu kina mama wa parokia walibishana juu ya maneno mpaka baba akachoka akapaacha patupu. Kwenye mlango wa tabernakulo, kile kisanduku cha Ekaristi, paroko alitaka mwari, yule ndege wa vitabuni anayejitoboa kifua ili awalishe makinda kwa damu yake, kama Kristo anavyotulisha. Baba akamwambia kwamba mwari yeye huwaona kule Ziwa Manyara, wanajaza samaki midomoni bila kumwangalia mwenzao. Wakakubaliana kuku aliyekunjua mbawa juu ya vifaranga, maana Yesu mwenyewe alijifananisha na kuku, na kuku kila mtu hapa anamjua.

Kazi ya mwisho ilikuwa Mama wa Mateso, Maria anayempokea mwanawe aliyeshushwa msalabani. Alitakiwa kukaa kwenye kikanisa cha pembeni, pale ambapo majeneza yangewekwa kabla ya misa ya mazishi. Paroko alitaka awe Mmasai. Vigango vyetu vingine viko juu huko ndani ya hifadhi, kuelekea Endulen, na Wamasai wanapokuja parokiani hukaa mabenchi ya nyuma karibu na mlango kana kwamba wamekuja kuuliza njia. Alisema anataka waingie wamkute mtu wao amekaa mbele. Baba alikubali haraka. Mikono yake, alisema, inawajua Wamasai.

Lakini mikono hiyo ilikuwa imeanza kutetemeka. Daktari alitaja jina la ugonjwa na kutoa vidonge, na baba akaanza kunywa chai kwa kushika kikombe kwa mikono miwili. Patasi ikishauma mti, mtetemo ulitulia kidogo, ikiinuka, ulirudi. Wote wawili tulijua kwamba baada ya sanamu ile hakuna nyingine. Jioni moja aliniambia, bila kunitazama, kwamba vyote alivyotengeneza maishani vilifungwa kwenye gazeti vikapanda ndege, na hajui hata kimoja kiko wapi. Kabla mikono haijamwisha alitaka atengeneze kitu kimoja cha kubaki. Baba si mtu wa kutaka vitu, na ndiyo maana maneno yale yalinikaa.

Mti ulikuwa mzeituni wa porini ulioanguka kwa mvua kwenye shamba la parokia. Ni mti mgumu na mzito, na una tabia ya kupasuka unapokauka. Huu nao ulipasuka. Ufa ulianzia kisogoni pa Maria ukaja mpaka nyuma ya sikio la kulia, baba akauziba kwa gundi na unga wa mbao, na hata ukionyeshwa huuoni. Maria mwenyewe alitoka vizuri kuliko chochote nilichowahi kuona mikononi mwake. Amekaa chini na miguu ameinyoosha mbele, kama wanavyokaa mama zetu wa Kimasai, na mwanawe amelala juu ya mapaja yake. Kichwa amekinyoa. Shingoni mikufu mipana ya shanga, mduara juu ya mduara, na masikioni zile koili za shaba wanazoziita surutia, zinazoning'inia mpaka karibu na mabega. Baba aling'arisha vyote kwa dawa ya viatu, kama tufanyavyo dukani, mpaka akawa mweusi wa kumetameta. Nilijivuna mno. Nilimpiga picha nikaituma kwenye grupu la parokia, na watu wakaweka mioyo na mikono ya kusali kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Askofu alikuwa anakuja Jumapili kutabaruku kanisa. Jumamosi mchana, ukungu umekaa juu ya mji na baridi ya mwezi wa saba inauma vidole, liliingia lori la kina mama kutoka upande wa Endulen pamoja na katekista wao. Walikuja mapema wasaidie kupamba, walale kwenye ukumbi. Paroko akawa na haraka ya kuwaonyesha. Akamtoa Maria kitenge alichofunikwa, akasogea pembeni, na baba akasimama nyuma yake ameficha mikono ndani ya koti.

Mwanzoni ilikuwa furaha. Wasichana walicheka kwa mshangao, wakatoa simu, mmoja akajipiga picha ameweka shavu lake karibu na shavu la Maria. Kisha kina mama wakapisha njia, akapita mwanamke mmoja wa makamo aliyejifunga kitambaa cheusi kichwani na mashuka mawili mabegani. Alisimama mbele ya sanamu muda mrefu. Nilidhani anasali.

"Huyu mwanaume ni mtoto yake?" akauliza.

"Ndiyo, mama," paroko akamjibu. "Ni Yesu. Ameshushwa msalabani."

"Amekufa?"

"Amekufa."

"Lini?"

Paroko akasita. "Siku hiyohiyo. Muda huohuo."

Mwanamke akayatazama masikio ya Maria, la kushoto, halafu la kulia. "Sasa mbona amevaa?"

Paroko alimtazama katekista, na katekista akatazama sakafu.

"Mtoto iko kwa magoti yake," yule mama akasema, taratibu, kama mtu anayetaka kuhakikisha ameona sawasawa, "na yeye amevaa kwenda sherehe."

Akageuka akatoka nje. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Yule msichana wa picha aliweka simu ndani ya shuka, akamnong'oneza katekista kitu kwa Kimaasai, kisha naye akaenda. Baba akauliza amesema nini. Katekista alikuwa mtu mpole, akajaribu kusema si kitu. Baba akarudia swali.

"Anasema, mzee, usikasirike. Anasema ni kama yule wa madukani."

Nilimwona baba akiyapokea maneno yale. Hakukasirika, na mimi nikakasirika kwa niaba yake, tena vibaya. Nilimwambia katekista kwamba baba yangu amechonga Wamasai tangu yeye yuko shuleni, na kwamba kama walitaka kuchagua nguo za Maria wangekuja mapema, si leo Askofu akiwa njiani. Katekista alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Halafu akaeleza. Kwao, mama akifiwa na mwana, anavua. Shanga, surutia, vyote vinatoka, na mwenye msiba hakai na mapambo mwilini. Yule mama alimzika mwanawe wa kwanza muda si mrefu, kijana aliyekuwa mlinzi kwenye loji moja, aligongwa na pikipiki akitoka kazini. Na yeye ndiye aliyekuwa amewahimiza wenzake waje Karatu, kwa sababu alisikia kuna Maria aliyefiwa.

"Kesho wataingia kanisani," katekista akasema. "Misa ni misa. Lakini hapa pembeni hawatakaa. Na wafu wao hawatawaleta hapa."

Mwenyekiti wa parokia alikuwa amekuja kuhesabu viti, akayakuta mazungumzo yamekolea. Ana duka la vifaa vya ujenzi, na huzungumza na kila mtu kama anayebishana naye bei ya saruji. Akasema Maria ni Malkia, na malkia anavaa. Akasema picha imeshazunguka mpaka kwa ndugu wa Moshi na Dar, na watu watauliza zile shanga zimekwenda wapi. Akasema wageni hawawezi kuja saa nane mchana wakatupangia kanisa letu.

"Si wageni," paroko akamwambia. "Ni parokia yao. Na umalkia ni baadaye, mwenyekiti. Hapa bado ni Ijumaa Kuu."

Kisha akamgeukia baba. Alikuwa amekunja uso, na ujana wake wote ulionekana. "Mzee, siwezi kukwambia ukate. Ile ni kazi yako. Na siwezi kukwambia uache."

Nilimvuta baba pembeni. Nilimkumbusha ufa. Koili ya sikio la kulia ilikuwa imekaa palepale ufa unapoishia, mti wenyewe umeshikwa na gundi tu, na patasi ikipiga vibaya shavu lote linakuja. Nilimkumbusha mikono yake pia, na nililisema wazi kwa sababu sikuwa na muda wa adabu. Nikamwambia sanamu ni nzuri na watu wameipenda. Nikamwambia mwanamke mmoja mwenye uchungu hawezi kuharibu kazi ya miaka miwili.

"Wameipenda," baba akasema. "Hata wale wa kwenye magari wanawapenda wa dukani."

Akatoka nje.

Kina mama walikuwa wamekaa kwenye baraza ya ukumbi, migongo ukutani. Baba akasimama mbele ya yule mama, akavua kofia, akasema Tumsifu Yesu Kristo, naye akaitikia Milele amina bila kuinua macho. Katekista akaja kusaidia lugha. Baba akampa pole ya msiba kwanza, kama inavyotakiwa. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea.

"Mama, mimi masikio yenu nimeyachonga maisha yangu yote. Lakini siku zote yana vitu. Nikivua, sijui panabaki nini. Sijawahi kuona."

Katekista alitafsiri kwa sauti ya chini. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, kwa maana baba hajafikiria, nikawaza, yeye ni mwanaume na huyu ni mfiwa, na hawa mama wote wanatazama. Mmoja wao alianza kusema kitu kikali. Yule mama akamzuia kwa kiganja, akafungua fundo la kitambaa cheusi, akakivua.

Nimeishi na Wamasai jirani maisha yangu yote, nimewauza kwa maelfu, na sikuwahi kuangalia sikio tupu. Ndewe zilikuwa zimevutwa na uzito wa miaka, zikabaki nyuzi mbili ndefu za ngozi zenye tundu kubwa katikati, na ndani ya tundu hakuna kitu, unaona shingo. Zilining'inia bila nguvu. Kila alipopumua zilicheza kidogo. Baba akachuchumaa, magoti yakimlia, akaangalia upande mmoja, akauliza kama anaweza kugusa. Katekista alisita kutafsiri, lakini mama alikuwa ameelewa. Aligeuza kichwa.

Mkono wa baba ulikuwa unatetemeka vibaya sana siku ile. Aliinua vidole viwili akaishika ile ndewe, akaipima unene, akaipitisha taratibu mpaka chini, na mtetemo wake ukaonekana kwenye ngozi ya mwanamke yule. Hakuna aliyecheka. Kisha akaachia.

"Asante," baba akasema. Akavaa kofia, akaniambia nilete patasi ndogo na nyundo ya mbao.

Maria alikuwa ameshafungwa kwa bolti kwenye jukwaa lake, hawezi kulazwa, kwa hiyo baba alikalia stuli na mimi nikapanda nyuma nikakishika kichwa kwa viganja viwili, nimeubana ule ufa kwa nguvu zangu zote. Alianza na shingo. Mikufu ile aliyoipiga ushanga kwa ushanga kwa miezi, aliiparura mduara kwa mduara, na mti wa ndani ukatokea rangi ya asali katikati ya weusi wa dawa ya viatu. Vipande vilimwangukia Yesu kifuani nikawa navipuliza. Upande wa pili wa kanisa paroko alikuwa anaungamisha watu, na kila kishindo cha nyundo kiliwafanya wageuke. Mwenyekiti alipita mara kadhaa akitikisa kichwa. Kina mama wa mjini waliokuja kupamba waliacha maua yao chini wakasimama mbali, mikono midomoni.

Sikio la kushoto lilikubali. Aliiondoa koili, akatoboa, akaikondesha ndewe mpaka ikawa kamba, na kila patasi ilipoinuka hewani na kuanza kucheza nilifumba macho. Mwanga ulikuwa unapungua madirishani. Nilimwomba aache la kulia, aishie upande wa kushoto tu, watu hawatazunguka. Akasema mfiwa havui sikio moja.

Basi akaanza. Alipiga mapigo madogo, madogo kuliko yale ya shanga, na kati ya pigo na pigo alisubiri mkono ushuke. Viganja vyangu vilikuwa vimekufa ganzi. Koili ikatoka nzima, ikaanguka, ikabiringika mpaka chini ya benchi. Akaingiza patasi kwenye tundu. Pigo moja. La pili. La tatu lilipotua nilisikia ndani ya mti, chini ya kiganja changu, mlio kama wa kijiti kinachovunjika kwenye moto, na ufa ukakimbia.

Nilipiga kelele, nakiri. Patasi ilibaki palepale ilipo. Mstari mwembamba ulitoka sikioni ukashuka shavuni kuelekea mdomoni, ukafika chini ya mfupa, ukasimama. Nilikuwa nalia huku nimekumbatia kichwa cha mti. Kitu pekee nilichokuwa nawaza ni kwamba nikiachia, uso wa Maria utabaki mkononi mwangu, na baba hatakuwa na kitu chochote duniani.

"Usiachie," akasema. "Gundi."

Katekista ndiye aliyekimbia kuileta. Baba akaitia kwa wembe ndani ya mstari, tone kwa tone, nusu ikimwagika kwa mtetemo, kisha tukamfunga Maria kichwa kizima kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, mviringo juu ya mviringo, mpaka akafanana na mtu anayeumwa jino. Tundu la sikio baba alilimalizia kwa kisu, kwa kidole zaidi kuliko kwa kisu. Nilitaka nipake dawa ya viatu kwenye zile sehemu zilizoparuliwa. Alikataa, gundi ilikuwa mbichi. Tukamfunika kitenge na kwenda nyumbani. Nilikuwa nimemkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu yeyote.

Asubuhi tulitangulia kabla ya watu. Tulikata mipira. Mstari ulishika. Lakini alionekana vibaya, na nilisema hivyo. Mwili mweusi unaong'aa, na shingo na kifua vimekwaruzwa rangi nyingine, vimejaa alama za patasi kama shamba lililolimwa kwa haraka. Ndewe mbili tupu zinaning'inia, moja nene kuliko nyingine. Baba alimtazama, akapangusa vumbi, akaenda kukaa mwisho wa benchi lililokuwa karibu naye, amekalia mikono yake.

Askofu alikuja, kanisa likajaa mpaka nje, tukaimba. Alipaka mafuta kuta, akanyunyiza maji. Alipofika kwenye kikanisa cha pembeni alisimama kidogo mbele ya Maria, akanyunyiza, akaendelea. Mwenyekiti alisoma shukrani ndefu kwa wote waliochangia, na alipofika kwenye sanamu alisema "mafundi wetu" akageuza karatasi. Nilimtazama baba. Alikuwa na koti lake la harusi na amenyoa vizuri, na nilitamani mtu mmoja tu, yeyote, amwambie kwamba imependeza. Nilikuwa tayari hata kumlazimisha.

Misa ilipokwisha watu walimiminika nje kupiga picha na Askofu. Kina mama wa Endulen hawakwenda. Walitoka kwenye mabenchi yao ya nyuma, wakapita pembeni ya ukuta, yule mwenye kitambaa cheusi mbele. Nikasimama, maana nilidhani wamekuja kukagua.

Maria amemshika mwanawe kichwa kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia uko huru, umelegea juu ya goti, kiganja kimeangalia juu. Yule mama aliinama, akauchukua mkono ule wa mti ndani ya mkono wake, akautikisa kama tunavyotikisa mikono msibani.

"Pole, mama," akasema.

Akabaki ameushika kwa muda. Kisha akasogea hatua moja, na wa pili akainama akaushika. Pole, mama. Na wa tatu. Walipita wote, wasichana nao, yule wa simu akiwa amefunika kichwa. Nyuma yao, sijui nani alianza, wakaingia kwenye mstari mabibi wa Kiiraqw waliokuwa wamebaki wanasali rozari, halafu wanawake wa Kichaga wenye vitenge vya sare, na mke wa mwenyekiti akiwa na mkoba wake mkubwa begani. Hakuna aliyewaelekeza. Kila mtu katika kanisa lile amewahi kupita mbele ya mfiwa na anajua namna ya kusimama.

Na kwa sababu baba alikuwa amekaa hapohapo, mwisho wa benchi, mahali anapokaa ndugu wa karibu, kila aliyemaliza kwa Maria aligeuka akampa yeye mkono. Ilibidi autoe ule alioukalia. Walimshika mkono ukiwa unatetemeka, wakamwambia pole, mzee, naye akawajibu mmoja mmoja, asante, asante mama, tumepoa. Alikuwa analia waziwazi na hakujifuta. Nilisubiri mtu aseme sanamu imependeza. Hakuna hata mmoja aliyesema, na baba hakuonekana kulisubiri.

Mimi niliyekishika kichwa kile na kujua kila kipande cha gundi kilichomo, nilikwenda nikasimama mwisho wa mstari. Zamu yangu ilipofika niliushika ule mkono wa mti, ukiwa na joto la watu wote waliotangulia, nikasema pole, mama, kisha nikamgeukia baba.